Rahisi kwa Nani? Wasafiri wa Shanta katika Pwani ya Kusini ya India

Upo usemi unaorudiwa sana na vijana wanaorejea kutoka safari za mbali, na sasa unasikika hata katika madarasa yetu ya lugha, kwamba njia bora ya kuijua nchi ya watu ni kuizunguka kwa fedha kidogo. Wasemao hivyo hupenda kutoa mfano wa pwani ya kusini ya India. Huko, wanasema, kijana mwenye shanta mgongoni aweza kuanzia Gokarna katika jimbo la Karnataka, akapita Kannur, Kozhikode, Kochi, Alappuzha na Varkala katika jimbo la Kerala, akafika Kanyakumari ambako nchi kavu ya India inakoma, kisha akapanda pwani ya mashariki hadi Puducherry na Chennai, naye asitumie hata robo ya fedha za mtalii wa hoteli kubwa. Na kwa kuwa amelala pa bei ndogo na kula pa bei ndogo, basi amekaa na wananchi, amewajua, wala hana deni nao. Makala haya yanakusudia kuupinga usemi huo.

Nisieleweke vibaya. Sipingi safari, kwani wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Wala sizitetei hoteli kubwa, ambazo mgeni huletwa kwa gari lililofungwa vioo na kurudishwa kwa gari hilo hilo. Kusafiri na fedha kidogo si aibu. Watu wengi wa India wenyewe husafiri hivyo kila siku. Ninalolipinga ni kule kudhani kwamba kutolipa na kujua ni kitu kimoja. Lugha yetu ina neno moja, rahisi, kwa kitu kisicho ghali na kwa kazi isiyo ngumu. Msafiri wa shanta hujisifia urahisi wa kwanza, nasi hatumwulizi juu ya ule wa pili.

Mtindo huu una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 vijana wengi wa Ulaya walikwenda India kwa njia ya nchi kavu, wakipita Uturuki, Iran na Afghanistan. Mwaka 1973 Tony na Maureen Wheeler walitoa kijitabu kilichoeleza namna ya kuvuka Asia kwa gharama ndogo. Na mwaka 1981 shirika lao likatoa kitabu kizima juu ya India. Mapinduzi ya Iran na kuingia kwa majeshi ya Kisovieti nchini Afghanistan, yote katika mwaka 1979, yaliifunga njia ile ya kale, lakini desturi haikufa, ilipanda ndege. Mwaka 1998 reli ya Konkan, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 700, ilikamilika na kuiunganisha pwani ya magharibi kutoka upande wa Mumbai hadi karibu na Mangaluru. Tangu hapo kushuka kusini kumekuwa kwepesi zaidi. Matokeo yake ni kwamba watu wanaosema wanatafuta pasipopitwa na mtu hufuata uzi mmoja, hulala nyumba zile zile, na jioni huketi mezani wakisimuliana wao kwa wao.

Hoja yangu ya kwanza ni juu ya bei yenyewe. Tazama ni wapi msafiri huyu anapobishana, na ni wapi anaponyamaza. Stesheni ya reli imebandika nauli, naye hulipa bila neno. Basi la serikali lina tikiti, naye hulipa. Mashua ya abiria inayovuka maji ya ndani kutoka Alappuzha kwenda Kottayam ina nauli yake, naye hulipa, tena husifu jinsi ilivyo ndogo. Shirika la ndege lililomleta kutoka kwao alililipa kabla hata hajaondoka. Ubishi wote ameuweka akiba kwa ajili ya dereva wa bajaji, mwuza madafu, na mama mwenye vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Yaani anatii penye nguvu na kushindana penye unyonge, kisha ushindi huo anaupa jina la ujuzi wa nchi.

Tena yapo majira ambayo ubishi huo hufana zaidi. Pepo tunazoziita kusi, zile zilizovisukuma vyombo vya pwani ya Afrika Mashariki kwenda India kwa karne nyingi, hufika Kerala na mvua kubwa mwanzoni mwa mwezi wa Juni. Bahari huchafuka. Tangu mwaka 1988 serikali ya jimbo hilo huzuia uvuvi wa nyavu za kukokota katika sehemu ya majira hayo, ili samaki wapate kuzaana. Na mvuvi mdogo, ingawa hakatazwi, hawezi kutoka kila siku. Wageni nao hupungua. Ndipo vyumba vinaposhuka bei, na ndipo msafiri hodari wa kuhesabu senti anaposhauriwa aende. Mwenye nyumba akikubali nusu ya bei katika wiki ya njaa, je, huo ni urafiki? Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema sisi. Hapa mgeni amesubiri mwenyeji augue.

Najua jibu watakalolitoa, nalo lina uzito. Watasema kwamba fedha ya msafiri mdogo, hata ikiwa haba, hubaki kijijini, ilhali fedha ya hoteli kubwa huenda kwa wenye mitaji walio mbali. Ni kweli, na ni hoja yao bora. Lakini kweli hiyo hutegemea namna ya kulipa. Kuna unafuu uliotengenezwa na wenyeji wenyewe kwa haki, na kuna unafuu uliokamuliwa kwao. Mfano wa ule wa kwanza ni mikahawa inayoitwa Indian Coffee House. Bodi ya Kahawa ilipofunga mikahawa yake na kuwaachisha kazi watumishi, watumishi hao, wakiongozwa na A. K. Gopalan, waliunda vyama vya ushirika. Katika Kerala mkahawa wao wa kwanza ulifunguliwa Thrissur mwaka 1958. Hadi leo msafiri mwenye fedha kidogo hula humo na kushiba, na wanaomhudumia ndio wenye mali. Bei ni ndogo, haibishaniwi, na hakuna anayenyonywa. Anayetaka kusafiri kwa gharama ndogo na moyo safi hana haja ya kubuni falsafa mpya. Ameandaliwa meza tayari.

Hoja ya pili, ambayo sisi walimu yatuhusu zaidi, ni juu ya lugha. Mipaka ya majimbo ya India ilipangwa upya tarehe 1 Novemba 1956 kwa kufuata lugha. Kwa hiyo anayeshuka kutoka Gokarna hadi Chennai huvuka nchi tatu za lugha: Kikannada, Kimalayalam na Kitamil. Zote ni za ukoo wa Kidravidi, ambao haumo katika ukoo wa Kihindi cha kaskazini. Sisi nasi, kwa mazoea, husema “Kihindi” kana kwamba India nzima ina kinywa kimoja. Na msafiri wa shanta, kama amejifunza chochote, amejifunza maneno kumi ya lugha hiyo ya kaskazini na kuyachukua hadi Tamil Nadu. Hajui kwamba mwaka 1965 watu wengi walikufa huko katika machafuko ya kupinga Kihindi kufanywa lugha rasmi ya pekee ya taifa. Anamsalimu mtu kwa neno ambalo baba yake aliandamana kulikataa.

“Lakini wenyeji wanajua Kiingereza,” hujibu. Wanaokijua ni wale wanaofanya biashara naye. Mvuvi anayekunja wavu mchangani, mama anayefagia chumba, na mzee aliyeketi mbele yake katika behewa lisilo na nafasi za kuwekewa, mara nyingi hawakijui. Hao hubaki kuwa picha. Na si mengi yanayohitajika ili waache kuwa picha. Katika Kitamil na Kikannada mwanamume aliyekuzidi umri kidogo huitwa anna, yaani kaka, na mwanamke akka, yaani dada; Wamalayalam husema chettan na chechi. Mswahili haelezwi maana ya jambo hili. Anajua kwamba kumwita mtu kaka kabla ya kumwuliza bei ni tofauti na kumnyoshea kidole. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la msafiri ni lugha ya aliyemkaribisha. Huyu wetu hukaa miezi mitatu na hajaligusa.

Kwa kukosa lugha anapita mbele ya mambo makubwa asiyaone. Kusini kidogo ya Alappuzha kuna mji wa Ambalapuzha, ambako mwaka 1945 P. N. Panicker aliziunganisha maktaba 47 katika chama kimoja. Kazi hiyo ilikua hata vyumba vya kusomea vikaenea vijijini, na tarehe 18 Aprili 1991 Kerala ikatangazwa kuwa jimbo ambalo watu wake wanajua kusoma na kuandika. Msafiri hupita hapo akitazama minazi. Huko Varkala hukodi chumba juu ya jabali linalotazama bahari, akaota jua kwa wiki mbili. Chini ya jabali hilo, katika ufuko huo huo, watu huja kuwafanyia ibada marehemu wao; na mwendo mfupi kuelekea bara ni Sivagiri, alikofariki mwaka 1928 Sree Narayana Guru, aliyewafundisha watu waliodharauliwa kwa sababu ya tabaka lao kwamba watapata uhuru kwa elimu. Kila mwisho wa Desemba mahujaji wenye mavazi ya manjano hujaa njia ziendazo huko. Msafiri wa jabalini huwaona, akauliza kama kuna sherehe.

Mfano wa tatu ni wa kuchekesha na kuhuzunisha. Wasafiri hawa wamepokezana kwa miaka mingi riwaya ya Mjerumani Hermann Hesse iitwayo Siddhartha, iliyotoka mwaka 1922. Wachache wanajua kwamba babu yake Hesse kwa upande wa mama, Hermann Gundert, aliishi Thalassery, katika pwani hiyo hiyo wanayoipita kwa treni, kuanzia mwaka 1839. Kwamba alijifunza Kimalayalam hata akaandika sarufi yake. Na kwamba kamusi yake kubwa ya lugha hiyo ilitoka mwaka 1872. Alitoka Württemberg, kama Ludwig Krapf ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Hao walikuwa wamisionari, walikuja na makusudi yao, wala siwatetei kwa hayo. Lakini walijua kwamba mtu haingii nyumbani kwa watu bila kulipa, na malipo yao yalikuwa miaka ya kukaa chini mbele ya wenye lugha na kusahihishwa. Msafiri wa leo amebeba kitabu cha mjukuu na kuiacha kamusi ya babu.

Kwetu sisi hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu pwani ile si ngeni. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitoka Malindi na kufika karibu na Kozhikode chini ya mwezi mmoja, kwa kuwa alipewa rubani aliyeijua njia. Jina la nahodha limejaa vitabuni. Jina la rubani wanahistoria wanalibishania hadi leo. Na zile mashua za Kerala ambazo siku hizi hukodishwa kwa watalii zikiwa na vyumba vya kulala huitwa kettuvallam, yaani chombo kilichofungwa, kwani mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari, kama ulivyoshonwa mtepe wa Lamu. Anayelijua neno hilo na kuujua mtepe amepata utajiri bila kumpunguzia mtu hata rupia moja.

Sasa nawageukia wenzangu. Wasafiri hawa tusiwacheke, kwani sisi tumesaidia kuwalea. Fungua vitabu vingi vya kumfundishia mgeni Kiswahili: somo la salamu ni kurasa mbili, kisha huja sokoni. “Bei gani? Ghali mno! Punguza.” Mwanafunzi wetu hujua kumpunguzia mama mchicha wake kabla hajajua kumwuliza hali ya watoto wake. Sikatai kwamba sokoni watu huelewana bei. Lakini kwetu maelewano hayo ni mazungumzo, huja baada ya salamu, na kila upande hubakiza heshima ya mwenzake. Tukifundisha maneno ya bei bila adabu yake, tunafundisha nusu ya lugha, tena ile nusu yenye meno.

Napendekeza, basi, somo la soko lirudishwe nyuma, lije baada ya somo la kuitana na kujuliana hali. Napendekeza mwanafunzi aambiwe wazi kwamba penye bei ya haki hulipwa, na kwamba fedha aliyookoa kwa mnyonge asiiite hekima. Na atakapotuaga kwamba anakwenda Kerala, au Zanzibar, au popote, tusimwulize ana fedha kiasi gani. Tumwulize amejifunza maneno mangapi ya huko, na atamwita nani kaka.

Wenye maoni tofauti na waandike. Kurasa hizi ni zao pia. Lakini wakiandika, watuambie kwanza yule mama mwenye vyumba viwili anaitwa nani.