Kabati ya Vitabu Inataka Watu

Naandika kutoka Kibati, hapa chini ya mlima wa Nyiragongo. 

Mwezi huu nataka tuongee juu ya bibliotheke, au maktaba kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Najua mengi wenu mutageuza ukurasa. Mutasema: "Pasta, njaa haisomake kitabu." Ngojeni kwanza.

Bibliotheke nyingi tulizozijua ni kabati moja. Iko katika chumba cha direkta wa shule, imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko katika mfuko wa mtu mmoja aliyesafiri. Vitabu vinaliwa na mchwa pole pole, na kila mwaka vinahesabiwa. Mimi naita hiyo stoo, si bibliotheke. Bibliotheke ni mahali ambapo watu wanakuja siku fulani, saa fulani, kufanya kitu fulani pamoja juu ya kitabu: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anauliza, mama anabisha, mtoto anacheka. Hata siku za Nehemia watu wote walisimama uwanjani tangu asubuhi hadi adhuhuri wakisomewa, na walikuwako watu wa kuwaelezea. 

Tazameni jirani zetu. Kule Kitengesa, karibu na Masaka katika Uganda, walianza mwaka wa 1999 na sanduku moja la vitabu katika shule ya sekondari. Sanduku tu! Nyumba yake ilijengwa miaka mitano baadaye, 2004. Na wale walioanzisha kazi ile walifahamu jambo moja ambalo sisi tunasahau: kijana hasomi kama hakuna mtu anayemngoja. Basi wanafunzi wengine walipewa kazi katika bibliotheke, na kazi hiyo ikawasaidia kulipa minervali yao. Wamama nao wakakaribishwa kukaa na kusoma, hata wale walioacha shule zamani. Mwaka wa 2007 bibliotheke za namna hiyo katika Uganda ziliungana kuwa shirika moja.

Kenya nao, mwaka wa 1996, bibliotheke ya serikali iliona kwamba watu wa Garissa wanahama na mifugo yao, hawawezi kuifuata nyumba ya vitabu. Wakapakia vitabu juu ya ngamia, ngamia watatu kwa mwanzo, wakawafuata watu. Wakifika wanatandika chini, watoto wanakaa, kazi inaanza. Sisi hatuna ngamia, lakini tuko na chukudu. Chukudu inayoshusha makala na viazi mpaka Goma haishindwi kupandisha karatoni mbili za vitabu.

Lakini mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa Tanzania, mwaka wa 1973. Ulikuwa mpango wa elimu ya watu wazima ulioitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikutana vijijini kwa makundi, kwa muda wa majuma kumi na mbili. Walisikiliza redio, mmoja akawasomea wengine kitabu kidogo, wakajadiliana, halafu wakaamua watafanya nini. Na wakafanya! Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia maji yaliyotuama yanayozaa mbu. Neno lilitoka katika karatasi, likapita kinywani, likaishia kwenye mpini wa jembe. Hapo yule wa "njaa haisomake kitabu" ajibu.

Sasa turudi Kibati. Sisi tunakaa mahali ambapo kutojua kunaweza kuua. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipasua mji wa Goma, watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena saa za jioni, bila tangazo lolote mbele. Siku tano baadaye, wakati ilipotangazwa kwamba karitiye kumi za Goma zihamishwe, watu mamia ya maelfu walikimbia, wengine Sake, wengine Minova, wengine Rwanda. Ni wangapi kati yetu wanaojua maana ya rangi nne za onyo la volkano, yaani kijani, manjano, machungwa na nyekundu? Ulizeni nyumbani kwenu usiku huu. Mutacheka, halafu mutaacha kucheka.

Tena kuna mazuku. Neno hili ni letu, la Kiswahili cha hapa Kivu, na leo wataalamu wa volkano wa ulimwengu wote wanaliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao. Ni gazi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haionekani kwa macho. Inajaa katika mabonde na mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umelala. Ndiyo sababu mbuzi na mtoto wanaanguka kwanza, na mtu mzima akiinama kuwaokoa anaanguka naye. Si uchawi. Wazungu wamejifunza neno kwetu, na sisi bado tunamtafuta mchawi! Jambo kama hili mutu halifahamu kwa kubandikiwa karatasi ukutani. Anataka kuuliza mara tatu, mara nne, kwa luga yake.

Na ninyi vijana munaokwenda machimboni: karatasi ya kilo na bei anaiandika mnunuzi, na wewe unatia kidole. Jioni moja ya kusoma karatasi hizo pamoja, na kupiga hesabu yake, inaweza kukurudishia makuta kuliko siku mbili za shimo. Nimesema "inaweza", sitaki mutu anidai.

Basi ninaomba hivi. Tusingoje nyumba, wala mfadhili. Jina la Kibati lilijulikana mbali mwaka wa 2008 kwa kambi za wakimbizi, na tangu wakati ule tumeona watu wakija na wakihama mara nyingi, hata baada ya Januari 2025 vita ilipofika Goma na kambi zikavunjwa. Nyumba inaweza kuachwa; karatoni inabebwa. Kila siku ya posho, saa nane mpaka saa kumi, kila mutu awe amefika kwake mbele ya giza. Juma la kwanza hadithi kwa watoto, mkubwa anasoma, wadogo wanamalizia wenyewe. Juma la pili wamama, juu ya dawa na kipimo chake, maana wengi wanapewa karatasi hospitalini wasioweza kuisoma. Juma la tatu mlima na mazuku. Na kama tunampata mutu aliyesomea volkano, aje na karta yake, tumkaange kwa maswali. Juma la nne vijana na hesabu. Asiyejua kusoma anakaa mbele, si nyuma. Siasa ibaki nje ya mlango, na michango pia. Kapu halipiti siku hiyo.

Vitabu vitapotea, ndiyo. Kitabu kilichopotea katika nyumba ya mtu pengine kinasomwa, kuliko kile kilicho salama ndani ya kabati. Tuandike majina katika kaye moja, yatosha.

Kuhusu ufunguo, ziwe mbili. Mmoja ashike mama, mwingine kijana, wasiwe wa nyumba moja. Pasta asipewe.