Muulizeni Mgonjwa Habari za Kiti cha Baiskeli Yake

Mgonjwa akija na kikohozi, tunamuuliza kama anavuta sigara. Akija na maumivu ya kiuno, tunamuuliza kazi yake. Lakini mwanamume anapoingia chumbani akasema, kwa sauti ya chini, kwamba sehemu zake za siri hufa ganzi, ni wachache miongoni mwetu wanaomuuliza iwapo anapanda baiskeli, kwa saa ngapi, na juu ya kiti cha namna gani. Asipoulizwa, hasemi. Huondoka na vidonge vya maumivu, na yumkini njiani akanunua dawa ya nguvu za kiume isiyo na jina wala kipimo. Mimi ni daktari wa maradhi ya mfumo wa mkojo, na nashikilia kwamba swali la kiti linastahili kutangulia karatasi ya dawa.

Kisiwani Unguja baiskeli ni chombo cha riziki. Hubeba mikate alfajiri, samaki mchana, majani ya ng'ombe jioni. Na wako vijana wanaoishi kwa kuwaongoza wageni kutoka Mji Mkongwe hadi mashamba ya viungo ya Kizimbani au msitu wa Jozani. Wengi wao sasa hupendelea baiskeli za milimani, zenye mipira minene, kwa kuwa hustahimili njia za mawe ya matumbawe za mashariki na kusini. Jina lenyewe lina kichekesho chake, maana kilima chetu cha Masingini hakifiki hata mita 150. Ila ndani ya kichekesho hicho mna jambo la kitabibu. Mpandaji wa milima ya kweli, kama ile ya Usambara, husimama juu ya pedeli apandapo na ashukapo, na damu hupata nafasi ya kupita. Mpandaji wetu atokaye Mjini kwenda Nungwi, karibu kilomita 60 za barabara bapa, anaweza asiinuke kitini hata mara moja.

Kati ya tundu la haja kubwa na viungo vya uzazi pana sehemu iitwayo msamba. Hapo hupita mishipa ya fahamu na ya damu inayohudumia viungo hivyo, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Msamba haukuumbwa kubeba uzito wa mwili. Kazi hiyo ni ya mifupa miwili ya makalio, ile tunayoihisi tukikaa muda mrefu juu ya baraza la mawe. Kiti kikiwa chembamba mno, mifupa hiyo hukosa pa kutua, na uzito wote huuangukia msamba.

Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini walichapisha matokeo ya askari polisi 90 wa doria ya baiskeli, waliobadilishiwa viti wakapewa visivyo na ile pua ya mbele. Kabla ya mabadiliko, asilimia 27 tu ndio waliosema hawakupata ganzi wakiwa juu ya baiskeli katika miezi sita iliyopita. Baada ya miezi sita ya kiti kipya, walifika asilimia 82. Askari na kazi ni vile vile. Kilichobadilika ni kiti.

Sisemi kwamba baiskeli huua nguvu za kiume, na naomba asiwepo mgonjwa wa kunisingizia hivyo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, uliowalinganisha waendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, haukuona kwamba hali ya tendo la ndoa ya waendesha baiskeli ni mbaya zaidi. Uliona pia kwamba wale wanaosimama juu ya pedeli kwa zaidi ya moja ya tano ya safari hupatwa na ganzi kwa nadra zaidi. Kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari, baiskeli ni miongoni mwa mazoezi ninayoyapendekeza kwanza.

Basi kiti kipi? Wengi hukimbilia sponji nene, au kifuniko laini cha kuvishwa juu ya kiti cha zamani. Mkononi huhisi kama mto wa kulalia. Juu ya barabara, mifupa huzama ndani ya ulaini huo, na katikati huinuka na kuubana msamba vibaya zaidi. Afadhali kiti kigumu kiasi, chenye upana unaomfaa mwenyewe na mfereji katikati. Upana hupimwa bila gharama. Weka kipande cha boksi juu ya baraza, kalia, inama mbele kidogo, inua miguu, kisha uondoke. Mifupa huacha mabonyeo mawili. Pima kati ya kitovu cha bonyeo moja na cha jingine, ongeza kama sentimita 2, na hapo una kipimo cha kwenda nacho kwa fundi. Wanawake kwa kawaida huhitaji kiti kipana zaidi, na baiskeli za kukodi, kwa jinsi nizionavyo, haziwakumbuki.

Halafu kiti kilazwe sawa. Pimamaji ya mwashi inatosha. Pua ikielekea juu hubana, ikielekea chini sana mpandaji huteleza na mikono ikaelemewa. Usukani usiwe chini ya kiti.

Uimara haupaswi kupuuzwa, hasa kwa abebaye mizigo. Hewa ya bahari hula vyuma viwili vya chini vinavyoshika kiti, na mawe ya matumbawe humalizia. Kiti kikikatika, mpandaji huweza kuangukia bomba la juu kwa msamba, na njia ya mkojo ikachanika. Wahudumu wenzangu, aliyeangukia hivyo akawa anatoka damu kwenye tundu la mkojo, au ameshindwa kukojoa, asilazimishwe mpira wa mkojo. Apelekwe upesi hospitali ya rufaa. Kovu la jeraha hilo huweza kuiziba njia miaka mingi baadaye.

Wepesi nauweka mwisho. Gramu 200 zilizookolewa kwa fedha nyingi hazina maana kwa aliyefunga gunia la mkaa nyuma.

Kuna na ngozi. Mwanamke wa Paje au Jambiani atokaye kwenye mwani, akipanda baiskeli na nguo zilizolowa maji ya chumvi, hukwanguka mapajani na sehemu za siri, na vidonda hivyo huviona aibu kuvitaja. Nguo kavu na kiti chenye uso laini usio na mishono humsaidia kuliko malhamu.

Kwa mwenye ganzi: apumzike baiskeli wiki moja hadi mbili, arekebishe kiti, kisha arejee akijizoesha kusimama juu ya pedeli kila baada ya dakika chache. Ganzi ikibaki hata asipopanda, au ikiwa imefika miguuni, kiti si jibu tena. Apimwe sukari siku hiyo hiyo.