Pensheni ya Marehemu Si ya Kamati ya Mazishi

Wasee, kwenye ile fomu ya pensheni uliyojaza siku ya kwanza kazini, uliandika jina la nani? Wengi wetu tuliandika mathe. Ulikuwa na miaka 23, huna bibi, HR amekurushia rundo la karatasi usaini kabla ya lanchi, ukaandika mama yako ukasonga. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba leo uko na mke na mtoto wa nasari, na ile karatasi bado inasema mathe.

Sasa tuseme umekufa. (Pole, lakini lazima tuongee.) Hata kabla hujazikwa, kuna mjomba atasimama kwenye mkutano wa matanga aseme "pesa za kijana wetu" zitaamuliwa na familia. Familia anayoongelea mke wako hayumo. Ati ametoka kwingine, ataolewa tena, pesa ziende na yeye.

Hapo ndipo huwa napandwa na hasira, kwa sababu mjomba anatangaza sheria ambayo haiko. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997, kifungu cha 36A, inasema mafao ya mwanachama aliyekufa si sehemu ya mali ya mirathi. Si kama shamba ama gari. Wanaolipa ni wadhamini wa skimu, kwa kufuata kanuni za skimu, na karatasi inayowaongoza ni hiyo fomu yako. Chifu anaweza kuandika barua ya kumtambulisha mjane, lakini kugawa si kazi yake. Mjomba ndiyo kabisa.

Najua mtanijia: kwani mathe aliyeuza ng'ombe ndiyo nisome asipate kitu? Apate! Fomu inaruhusu majina zaidi ya moja, na kila jina unaliandikia asilimia yake. Mpe mathe 20, mpe 30, hiyo ni hesabu yako ukiwa hai. Ninachokataa ni hesabu hiyo kufanywa na watu walio kwenye hema, wakingoja chai.

Na hata mjane akitambuliwa, bado wanamkimbiza. "Chukua zote mara moja, ziko salama mkononi." Mkononi mwa nani? Shemeji tayari ana wazo la matatu. Kuchukua zote kwa mpigo ni njia moja tu. Kutegemea kanuni za skimu, anaweza kununua anuiti, yaani anaipa kampuni ya bima pesa nayo inamlipa kila mwezi hadi afe. Ama pesa zibaki zimewekezwa na awe anachota kidogo kidogo. Mpango huo wa kuchota ni wa angalau miaka 10, na kwa mwaka hauruhusiwi kupita asilimia 15 ya zilizobaki. Kwa milioni mbili, hiyo ni 300,000 mwaka wa kwanza, 25,000 kwa mwezi. Akifa, salio linaenda kwa aliowaandika.

Mimi maoni yangu ni haya: mjane wa miaka 31 asiharakishe anuiti. Kampuni inajua huenda ikamlipa miaka hamsini, kwa hivyo kila mwezi atapata kitu kidogo, na akishasaini kurudi nyuma ni ngumu. Kwa mama wa miaka 65 asiye na nguvu ya kufuatilia soko, anuiti inaweza kuwa poa sana. Kwa vyovyote vile, aombe skimu imwandikie njia zote zilizopo, na asisaini chochote wiki ya mazishi.

Kama mbuyu wako anakaribia kustaafu, uliza leo anaenda kuchukua anuiti gani. Kuna ya mtu mmoja isiyo na kipindi cha dhamana. Hiyo mzee akienda, nayo imeenda, na mathe anabaki akiangalia simu tarehe ya malipo. Kuna ya wawili, ambayo mwenzi anaendelea kulipwa. Kuna yenye dhamana, tuseme ya miaka 10: mzee akifa mwaka wa nne, miaka sita iliyobaki inalipwa kwa aliowaandika. Kila mwezi ya wawili hulipa kidogo kuliko ya mmoja, na wazee wengine huangalia hiyo namba tu. Mathe awe kwenye hicho chumba siku ya kusaini.

Nyinyi wa njoo-tukae, mmetulia sana. Januari 2023 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya MNK na POM, ilisema dhana ya ndoa, ile ya "wamekaa pamoja kwa hivyo ni mke na mume", itumike kwa nadra sana. Usimwachie mpenzi wako kazi ya kuita majirani wathibitishe mlikuwa mnapika pamoja. Sajilini ndoa, na jina lake liwe kwenye fomu.

Wadhamini wakimnyima haki, kuna malalamiko kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, na baada ya hapo kuna jopo la rufaa. Na mkigombana hadi hakuna anayedai, zinaishia kwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa. Huko mtazitafuta kwa namba ya kitambulisho cha marehemu, mjomba akiwa ameshasahau hata tarehe ya mazishi.