Mtoto Mwenye Usonji Analelewa na Mtaa

Kinyozi wa mtaani kwetu hakusomea utabibu, lakini ndiye aliyemzoesha mwanangu kunyolewa. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Kila mashine ilipowashwa alijitupa chini, akaziba masikio na kupiga mayowe mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Wiki ya kwanza kinyozi alimpa mashine iliyozimwa aishike, aigeuzegeuze, tukarudi nyumbani na nywele zetu. Wiki iliyofuata aliiwasha akiwa amesimama mbali, kule mlangoni. Halafu akamgusisha mkononi, siku nyingine shingoni. Miezi miwili haijatimia, mwanangu alinyolewa kichwa kizima akiwa amekaa mapajani mwangu, anahesabu namba kwa sauti. Nilipomsimulia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, aliniambia kwamba hivyo ndivyo angenielekeza nifanye.

Ndugu zangu, ninaandika kuwaomba tuwe kama kinyozi huyu.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala hauna dawa ya kuuondoa. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mapema, hata mawasiliano, michezo na hisia zake vikawa tofauti na vya wenzake. Huyu haongei kabisa, yule anarudia maneno ya tangazo la redio neno kwa neno. Mmoja anapanga kandambili za nyumba nzima mstari mmoja, akiguswa mstari wake analia saa nzima. Daktari Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, lakini watoto wenyewe walikuwapo siku zote, na huku kwetu pia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, watoto 1,000 wa kata moja wangekuwa na wanane hivi. Je, wewe unawajua wangapi mtaani kwako? Wengi wamefungiwa ndani, na aliyewafungia si katili. Ni mama aliyechoka kuulizwa alimkosea nani.

Maswali hayo yanaumiza kuliko mayowe ya mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka pwani ya Kenya uliwakuta wazazi wakitaja majini, uchawi na laana kuwa chanzo, pamoja na maradhi na matatizo ya wakati wa kujifungua. Siwalaumu, mtu asiyepewa maelezo hujitafutia. Lakini fedha ya kuku wa mganga ingelipa nauli ya kumpeleka mtoto kupimwa masikio, maana mtoto asiyegeuka akiitwa jina lake huenda hasikii, na hilo lazima lijulikane kwanza. Chanjo nayo isisingiziwe. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyowatia watu hofu kwa kutumia watoto 12 tu, ilifutwa na jarida lenyewe la Lancet mwaka 2010.

Mzazi mwenzangu, mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye haonyeshi kitu kwa kidole, hageuki akiitwa, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kliniki sasa. Usikubali kuambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa. Mimi niliambiwa hivyo na mhudumu mmoja, nikapoteza mwaka mzima.

Wataalamu ni wachache, na wengi wako mijini. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanafundishwa wataalamu wa tiba kwa vitendo. Chuo cha Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Tuzidai halmashauri zetu ziwaajiri na kuwapeleka wilayani. Hata hivyo, mtaalamu atamwona mtoto saa moja kwa wiki, akijaliwa. Saa zinazobaki ni zetu. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yanaweza kuendeshwa na watu wasio madaktari waliofundishwa kazi hiyo. Yanachofundisha ni kutumia shughuli za kila siku. Unashika kikombe cha uji, unangoja kidogo. Mtoto akikutazama, akinyoosha mkono au akionyesha picha ya kikombe, unasema "uji" na kumpa papo hapo. Kesho tena, na keshokutwa tena. Mwanangu alichukua miezi saba kufika kwenye neno hilo, na siku alipolitamka mama yake alimwaga sufuria kwa furaha.

Kikundi cha namna hiyo kinahitaji chumba, mkeka na mtu wa kushika watoto wakati wazazi wanazungumza. Msikiti una ukumbi, kanisa lina ukumbi, ofisi ya serikali ya mtaa ina benchi. Tunaomba nafasi hiyo mara moja kwa wiki.

Konda, ukimwona mtoto ameziba masikio garini, punguza muziki. Mwalimu, weka fimbo chini: mtoto asiyeelewa maelezo hataelewa kipigo, atakachojifunza ni kukuogopa. Shule ya Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam na City Primary jijini Nairobi zimetenga madarasa kwa ajili ya watoto hawa. Kwa nini wilaya yako isiwe nayo? Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na shule kumkataa mtoto mlangoni si hisani iliyokosekana, ni haki iliyonyimwa.

Akina baba, nina neno nanyi. Tunawaacha wake zetu wabebe hili peke yao, wengine tunahama nyumba kabisa na kusema ukoo wetu hauna watoto wa hivi. Rudini. Mtoto anahitaji mikono yenu, na mama anahitaji kulala.

Majirani, kuna jambo moja la haraka kuliko yote. Watoto wengi wenye usonji hutoroka nyumbani bila kuaga, na maji huwavuta: mto, bwawa, kisima kisichofunikwa. Mwanangu alitoka nikiwa ninafunga mlango wa duka. Muuza mihogo wa kona ya pili ndiye aliyemtambua, akamshika mkono na kumwimbia mpaka nilipofika. Alimtambua kwa sababu tulikuwa tukipita pale kila jioni, naye akimsalimia kwa jina ingawa hakujibiwa hata mara moja. Kama ningemficha mwanangu, siku ile hakuna mtu ambaye angemtambua.

Kwa hiyo funikeni visima. Na Jumamosi hii, bisha hodi kwa jirani ambaye mtoto wake hujawahi kumwona nje. Usiulize ana nini. Uliza anaitwa nani.