Tindo ya Babu

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Maneno hayo ni ya kweli popote, lakini katika nchi ya Migori na Homa Bay yana ushahidi uliosimama mbele ya macho ya watu.

Huko Thimlich Ohinga, kadiri ya kilometa 46 kutoka mji wa Migori, yako maboma ya mawe yaliyojengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hata 4.5, na unene wa kadiri ya mita 1. Hazina saruji wala udongo wa kuzishikamanisha, na mawe yake hayakuchongwa. Waashi walipanga safu mbili, moja ya nje na moja ya ndani, kisha wakashindilia mawe madogo katikati. Mabaki ya namna hiyo yaonekana pia upande wa Gwassi na Kaksingri. Wenyeji wa kwanza walipohama waliingia wengine, nao wakatengeneza palipobomoka. Ndiyo sababu kuta zilidumu, hata zikahamwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia.

Je, vyombo vya waashi hao vi wapi? Chombo chao kikubwa kilikuwa mkono na jicho: kuligeuza jiwe, kulitafutia tako la kukalia, na kuliweka lifunike kiungo cha mawe mawili ya chini. Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni. Mtoto aliipata kwa kumpokeza mzee mawe.

Waashi wa siku za baadaye wana nyundo, tindo, mtaimbo, mwiko na timazi, na vyombo hivi hurithiwa baba kwa mwana. Mpini huvunjika ukatiwa mwingine, lakini kichwa cha nyundo hubaki kile kile. Ni jambo la kusikitisha basi kwamba mzee akiisha kufa, pengine vijana huona chuma kikuukuu tu, wakakiuza kwa kilo. Fedha yake huliwa siku moja. Chombo kingeweza kulisha nyumba miaka mingi.

Anayerithi tindo na aitazame kichwa. Kikiwa kimepondeka na kuchanua kama uyoga, vipande vyaweza kuruka na kumpofusha mtu. Hapana budi kisagwe kwanza. Ncha iliyo butu ipelekwe kwa mhunzi. Mpini wa nyundo uliolegea ukazwe kwa kabari kabla ya kazi, wala si baada ya ajali. Timazi haitaki ila uzi mpya; uzito wake hausemi uongo.

Lakini chombo pasipo elimu ni mzigo. Mizizi ya miti na mifugo ipitayo huweza kubomoa ukuta wa kale, nao hauwezi kuponywa kwa kumwagiwa saruji. Hutaka mikono ijuayo kupanga mawe matupu. Mikono hiyo haipatikani dukani. Kwa hiyo, mwenye mwashi mzee nyumbani kwake na ampeleke kijana akae naye wakati wa likizo, ashike nyundo, akosee na kusahihishwa. Asingoje matanga ndipo aufungue mfuko wa vyombo, maana siku hiyo atakuta chuma, lakini wa kumwuliza hayupo.