Nani Anampa Mwanafunzi Kikombe cha Kwanza?

Ndugu Waislamu, mvua zikishika hapa Kifanya mianzi huchipua, na wenye mianzi huanza kugema. Ncha ya chipukizi hukatwa, hutegwa mbeta, na utomvu ukadondoka humo. Ukiwa mbichi ni mtamu kama maji ya muwa. Ukilala, si ule tena.

Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mzazi humpa mtoto wa darasa la tatu kikombe asubuhi, ati ni togwa tu. Jioni humtuma kilabuni na dumu. Siku mwana huyo akishikwa na bhangi kidato cha pili, mzazi huja kwetu akilia kwamba shule imemharibia mtoto. Shule ipi, ewe ndugu yangu?

Hatusemi utomvu wa mwanzi ni haramu. Mtume (S.A.W.) alirowekewa tende katika maji akanywa, lakini haikupita siku ya tatu, iliyobaki ilimwagwa. Basi ulanzi wetu haungoji hizo siku tatu. Mbeta isiyooshwa ina chachu ya jana, hata huanza kuchachuka ungali ukidondoka. Na chenye kulevya kingi chake, kidogo chake pia ni haramu, wala dini haikumpa mzazi ruhusa ya kumpimia mtoto.

Wengine husema Njombe ni baridi, ulanzi watia joto. Subhanallah! Chai inalimwa Luponde na Kibena, hapa hapa petu, nasi twatafuta joto katika dumu la pombe!

Serikali ilipiga marufuku viroba tangu tarehe 1 Machi, 2017, tukashukuru, kwani vilikuwa vikiingia mfukoni mwa sare ya shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yakataza kumuuzia mtoto pombe. Lakini ulanzi hauna kiwanda cha kufungwa, na askari hawezi kusimama katika kila ua wenye mianzi. Aliyemo uani ni baba.

Masika moja nilimwuliza mwanafunzi wangu wa madrasa, mtoto wa miaka kumi na moja, mbona anasinzia juu ya juzuu yake. Akanijibu bila ya kuficha: "Maalim, baba huniambia nionje kwanza kama umekolea." Nikamwita baba yake. Alikuja, akaketi mkekani, akacheka.

Mimi sikucheka. Katika hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, mnywaji ni mmoja tu. Yumo muuzaji, yumo mnyweshaji, yumo abebaye, na yumo abebewaye. Mtoto hajabaleghe, kalamu haijamwandikia. Dhambi ya dumu lile ni ya nani, ikiwa si ya aliyemtuma?

Basi anayeutaka ulanzi na aufuate mwenyewe. Abebe dumu lake mkononi, apite nalo mchana mbele ya msikiti na mbele ya shule, sisi sote tukimwona.