Somo la Teknolojia Lianzie Kwetu

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya walio mbali na madarasa. Anayesoma teknolojia na jamii kwa simu akiwa Tunduru asipewe vitabu vya Marekani pekee. Mifano ipo karibu: M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007, ikabadili jinsi mama wa kijijini anavyopokea fedha za mwanawe aliye mjini. Kisha ikaja mikopo ya simu, na madeni yake. Hilo ni somo zima, tena limo mkononi mwa mwanafunzi! Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo isomwe. Vyuo viandae masomo mepesi, yapakuliwe mara moja, yasomwe bila bando. Wahadhiri, yaandikeni kwa Kiswahili.